"WACHEZA NYOKA SHUKENI, WASANII WANAKUJA": huyu mshereheshaji anatuonaje watu wa Mwanza?

Wakuu, sijalala. Mods naomba msiunganishe uzi huu na ule wa foleni ya Buzuruga.

Mshereheshaji wa tamasha la jana mnamjua, simtaji. Yule wa miwani myeusi hadi usiku, katua na ndege jioni, kufika jukwaani anatusalimia "mambo vipi Kanda ya Ziwa" utadhani mji hauna jina. Hapo nilinyamaza.

Vijana wetu wa bugobogobo, ngoma ya majembe ya Wasukuma, walikuwa wamepanda. Wamepewa dakika za kuhesabu, mafundi mitambo bado wanavuta nyaya katikati ya miguu yao. Ile ngoma kubwa ikilia unaisikia kwenye mbavu! Majembe yanarushwa, yanazungushwa, yanadakwa nyuma ya mgongo, akina mama wa karanga wameacha mabeseni wanapiga vigelegele. Uwanja mzima umesimama. Ndipo jamaa kashika maiki: "Haya wacheza nyoka shukeni, wasanii wanakuja."

WASANII WANAKUJA. Na wale waliolowa jasho pale juu ni nani, wabeba mizigo? Nyoka yuko wapi? Wenye nyoka ni Bayeye, chama cha wacheza na nyoka, hawa ni watu wa jembe, ngoma yao imezaliwa shambani. Mzee mpiga ngoma alibaki na fimbo hewani, hajui apige au aishushe. Nikimkumbuka natetemeka.

Halafu hao "wasanii" wenyewe! Tumesubiri hadi mbu wa ziwa zima wakala wakasaza, mtu anapanda, wimbo uliorekodiwa unajiimba, yeye anafungua mdomo tu. Huyo ndiye ambaye mzee kashushwa kwa ajili yake.

Mji huu hauombi muziki kwa mtu. Nendeni Bujora, Kisesa, kwenye Bulabo, sikukuu ya ngoma ya Juni, mkaone vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, wanavyogombea watu. Rapa Fid Q katoka hapa hapa. Unachukua uwanja wetu, viingilio vyetu, jina letu la "Rock City" umelijaza kwenye mabango, halafu wenyeji kazi yao kupasha spika moto? Arudi aombe radhi, tena kwa maiki ile ile.

Binti Bwiru: Nilikuwa mbele kabisa. Mzee kashuka bila kupewa hata maji. Huyo asikanyage tena Mwanza, hata kwa meli.

Jiwe la Capri: Mtoa mada punguza jazba. Hao bugobogobo uliwalipa lini? Harusi yako tulicheza singeli mpaka asubuhi.

Mtoa mada: Harusi yangu inahusu nini? Nimesema WASANII WANAKUJA, mzee kashika fimbo hewani!

Mpemba wa Igoma: Kwetu Zanzibar, tamasha la Sauti za Busara lipo tangu 2004. Taarab na wageni wa Afrika nzima jukwaa moja pale Ngome Kongwe, hashushwi mtu.

Muhaya Halisi: Nyie mna wa kuwatukana. Sisi Bukoba hata huyo wa kututukana haji.

Nyasaka Juu: Mnalilia ngoma, sisi majirani wa uwanja madirisha yametetemeka hadi alfajiri na mtoto ana homa. Kibali cha kelele kinaisha saa ngapi?

Boda wa Nyegezi: Choo buku, maji madogo buku mbili. Hilo hamlisemi.

Damu ya Pamba: Na nyasi je? Jukwaa lao limechimba uwanja, Pamba Jiji watachezea kwenye tope.

Jiwe la Capri: Pamba hata uwatandikie zulia hawafungi.

Damu ya Pamba: Njoo uyaseme hayo jukwaani siku ya mechi, acha kujificha huko mlimani.

Muhaya Halisi: Kagera Sugar wangekuwa na uwanja kama huo...

Boda wa Nyegezi: Haya yameanza. Kuna anayejua sato wa mwaloni leo wanaendaje?