Tupeane uzoefu: antena na ardhi kwenye risiva za kujiundia

Wakuu, habari zenu. Saketi tunaziunda kwa uangalifu mkubwa, halafu soketi ya antena tunaifunga kwenye boksi bila kuifikiria. Kwa maoni yangu kelele nyingi huingilia hapo. Aliyepambana nazo atueleze.

Naanza. Risiva yangu ya daireti konvesheni (inayogeuza mawimbi ya redio kuwa sauti moja kwa moja) ya bendi ya mita 40 kwa betri ilitulia kabisa. Kwa pawa saplai inanguruma, na mngurumo unapanda na kushuka ninavyozungusha kitafutio. Nikaongeza kapasita kubwa ya kuchuja, wapi! Mawimbi ya osileta (saketi ya ndani ya risiva inayozalisha mawimbi) yalikuwa yanavuja hadi kwenye dayodi za pawa saplai, ambazo hufunga na kufungua kwa mwendo wa umeme wa ukutani, kisha yanarudi kwenye antena yamebeba mngurumo. Dawa ilikuwa kapasita ya nanofaradi 10 sambamba na kila dayodi, na waya wa DC kuzungushwa mara kadhaa kwenye ringi ya feraiti (kauri yenye chuma).

MasafaMafupi: Umenena mkuu. Mimi nilimalizia mlangoni kwa antena kwenyewe: transfoma ndogo kwenye ringi ya feraiti aina ya FT37-43, zamu 10 upande wa antena, 10 upande wa risiva. Koili zisipandane, la sivyo kelele inavuka kwa ukapasita ulio kati yao. Ardhi (waya wa pamoja wa kurudisha umeme) ya antena isiguse ardhi ya saketi popote. Angalieni sana soketi ya antena ya BNC: nati ikibana kwenye boksi la chuma, ardhi mbili zimeshaungana tena. Iwekee washa za plastiki. Kelele za chaja na taa za LED zilishuka sana kwangu, maana zilikuwa zinasafiri kwa nje ya koaksi (kebo ya antena).

KoiliMoja: Sasa antena ikielea hivyo, umeme tuli unaenda wapi?

MasafaMafupi: Ukiwa na nondo ya ardhi nje, koili ya antena inaupeleka huko. Huna? Rezista ya kiloomu 100 kati ya ardhi mbili. Radi ni habari nyingine: chomoa antena mapema.

Rijenereta: Risiva yangu iliingiza antena kwa kapasita ya pikofaradi 10 tu, umeme tuli wa upepo mkavu ukaua FET (transista) ya mbele. Rezista hiyo hiyo, kutoka antena hadi ardhi, ilimaliza tatizo. Dayodi mbili za kinga za 1N4148 zilizopishana pande nilizitoa. Stesheni kubwa za AM zilichanganyika humo na kuzaa vituo ambavyo havipo.

MzeeValvu: Vijana, mkitumia chasisi ya redio ya valvu isiyo na transfoma ya umeme, chasisi yenyewe yaweza kuwa na umeme wa ukutani. Msiiguse wala kuifunga ardhi mpaka muweke transfoma ya kutenganisha umeme.