Mradi wa jua Kishapu: kijiji kipewe mgawo wa mauzo, au umeme wa gridi unatosha?

Pamba Nyeupe
Wakuu, salaam. Mimi ni wa Kishapu ila si wa Ngunga kwenyewe, nisije nikaambiwa natafuta fidia. Mradi wa umeme wa jua mnaujua: kijiji cha Ngunga, kata ya Talaga, hapa Kishapu mkoani Shinyanga, megawati 150 zikikamilika zote, awamu ya kwanza 50, pesa ni mkopo wa Wafaransa wa AFD (shirika lao la maendeleo), mkataba ulisainiwa 2023. Umeme wenyewe unaingia gridi ya Taifa.

Swali langu ni moja. Tangu marekebisho ya 2017, mwenye mgodi analazimika na Sheria ya Madini kukaa na halmashauri kila mwaka na kupanga atairudishia nini jamii. Kwa nini anayevuna jua asiwekewe sharti la namna hiyo? Mimi ningeenda mbali zaidi: hata shilingi moja kwa kila uniti inayotoka pale iende mfuko wa kijiji. Maana vibarua wa ujenzi wakishaondoka, kinachobaki kwa mwanakijiji ni ulinzi na kufuta vioo.

Mzee wa Uniti
Almasi ukichimba inaisha. Jua ni la Mungu, halipungui hata robo. Unamtozaje mtu kwa kitu ambacho kesho kinachomoza kilekile? Halafu mtambo ni wa TANESCO, mali yetu sote. Ukimtoza, anaongeza bei, na wewe Pamba utakuwa wa kwanza kurudi hapa kulia luku imepanda.

Pamba Nyeupe
Jua la Mungu, sawa. Ardhi chini ya hilo jua ni ya nani, mzee?

Zamu ya Usiku
"Ulinzi na kufuta vioo." Umeandika kama vile watu wanaokota makopo.

Mimi ni mlinzi. Siyo Kishapu, ni kwenye mtambo mwingine ambao sitautaja kwa sababu kazi bado naipenda. Mwaka wa tatu huu. Kabla yake nililima pamba ekari nne, nikapeleka chamani, nikakaa miezi nasubiri malipo huku dawa ya kupulizia nilikopa. Kwa pesa ya getini nimeezeka bati, nimenunua ng'ombe wawili, na mdogo wangu yuko chuo cha ufundi. Nioneshe mfuko wa kijiji uliowahi kumsomesha mdogo wa mtu.

Pamba Nyeupe
Kaka sikukudharau. Nilisema ajira ni chache.

Zamu ya Usiku
Hukusema chache. Soma ulichoandika.

Bi Chururu
Kasema ukweli huyu. Watu wa mjini neno "mlinzi" linawachekesha hadi siku wakiibiwa nyaya.

Fundi Volti
Turudi kwenye umeme kidogo. Wengi mnadhani mtambo ukiwa kijijini, kijiji kinawaka. Hapana. Umeme wa pale unapandishwa msongo, unapita kwenye nguzo kubwa za chuma, unaingia kituoni. Huwezi kutoboa laini ile ukachomeka redio. Kijiji kinahitaji laini yake ndogo na transfoma yake, na hiyo ni kazi ya REA, Wakala wa Nishati Vijijini, ile ya kuunganishiwa kwa shilingi 27,000. Kwa hiyo kuishi chini ya nguzo si kuwa na umeme. Ni kama kuishi kando ya barabara ya lami bila kuwa na baiskeli.

Faida ya kweli ni nyingine. Bwawa la Nyerere lina megawati 2,115 lakini liko Rufiji. Kuufikisha umeme huo Kanda ya Ziwa ni safari, na njiani unapotea na kulegea. Chanzo kikiwa jirani, mchana volti inasimama. Muulize mwenye kinu cha kuchambua pamba motori ngapi zimeungua kwa umeme wa kupwaya.

Mzee wa Uniti
Asante Fundi. Ndiyo faida ya jamii hiyo, watu wanataka bahasha tu.

Kisima Kirefu
Faida ya mwenye kinu, siyo ya jamii. Halafu hakuna aliyegusa maji. Paneli zinaoshwa, vumbi la Shinyanga mnalijua. Kwa maji gani? Kuna mahali nimepita (si hapa) vioo vinaogeshwa asubuhi, watoto wanaenda shule na majivu miguuni.

Fundi Volti
Kuna brashi za kusafisha pakavu, Kisima. Siyo lazima maji.

Kisima Kirefu
Siyo lazima. Nimekuelewa. Na mkandarasi huwa anachagua lisilo lazima.

Mjomba wa Garissa
Majirani hamjambo. Sisi Garissa, Kenya, mtambo wa jua wa megawati 50 ulizinduliwa na Uhuru Kenyatta Desemba 2019, paneli zaidi ya laki mbili. Na sheria yetu ya Nishati ya 2019 inaipa jamii asilimia 5 ya mrabaha, yaani malipo ya mzalishaji kwa serikali. Nyinyi bado mnajadili kama jua lina mwenyewe. Amkeni!

Kifungu kwa Kifungu
Mjomba, pole pole. Mgawo ule wa 75 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti na 5 kwa jamii ni wa jotoardhi, umeme wa mvuke wa chini ya ardhi. Wa kina Olkaria huo. Jua halimo, upepo haumo. Na ukitaja upepo ukumbuke mradi wa upepo wa Marsabit: ekari 150,000 za ardhi, mahakama ya ardhi Meru ikasema 2021 hati zilipatikana bila kufuata utaratibu, na mitambo tayari inazunguka.

Mjomba wa Garissa
Nimekubali, nilichanganya. Lakini angalau neno "jamii" limo kwenye sheria na namba iko mbele yake.

Bi Chururu
Namba ya mvuke, mjomba. Garissa mna mvuke wa chai ya maziwa ya ngamia.

Mjomba wa Garissa
😂 Karibu basi. Na hiyo chai haina mgao, unakunywa yote.

Baba Mwadui
Mnashangaza. Kishapu hii hii ndipo ulipo mgodi wa almasi wa Mwadui. Almasi ya waridi iliyotoka pale 1947 Williamson, mwenye mgodi, akampa Elizabeth, binti wa mfalme wa Uingereza, zawadi ya harusi. Zaidi ya miaka 80 ya uchimbaji. Kama mgawo ungekuwa unaleta maendeleo, Kishapu ingekuwa Dubai.

Pamba Nyeupe
Lakini miaka hiyo yote hapakuwa na mgawo wa kijiji, baba! Ndiyo hoja yangu!

Baba Mwadui
Tulipata timu ya Ligi Kuu.

Bi Chururu
Ambayo ilishuka daraja 2021.

Baba Mwadui
Ilishuka, lakini ilipanda kwanza. Simba na Yanga walikuja kwa basi mpaka Mwadui, nikauza mishikaki. Mtambo wa paneli utaniletea mgeni gani? Vioo havina mashabiki.

Zamu ya Usiku
Vina walinzi.

Mama Ngitili
Naomba niulize kitu kidogo, nyie endeleeni na mpira. Nyasi.

Mtu wa Shinyanga anajua ngitili: unafunga eneo la malisho, masika hakuna kuingiza, kiangazi unafungua kwa utaratibu. HASHI, mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, walipokuja 1986 hawakutuletea dini mpya, walitukumbusha ya babu zetu. Sasa mtambo wa jua nao ni eneo lililofungwa. Chini ya paneli nyasi zinaota, tena kwa kivuli zinakaa mbichi. Kampuni inalipa watu wafyeke na kuchoma. Kwa nini mkataba usiseme akina mama wa kijiji wafyeke wenyewe na kubeba? Ng'ombe sisemi waingie, na mbuzi atapanda juu ya kioo apige picha. Lakini mundu na kamba vinadhuru nini? Mwezi wa tisa mzigo mmoja wa nyasi ni pesa. Madawati mliyozoea kupewa hayaliwi.

Fundi Volti
Mama, hili nimelipenda. Nchi za wenzetu wanaingiza kondoo chini ya paneli, kazi ya kufyeka inaisha bure. Tatizo ni usalama, kuna nyaya.

Mama Ngitili
Anayefyeka sasa hivi naye ana miguu ya nyama.

Kifungu kwa Kifungu
Hayo yote yangezungumzwa kabla ya kuzungusha waya, kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Ardhi ya kijiji ikihamishwa kuwa ya jumla, yaani ikitoka mikononi mwa kijiji, kama haizidi hekta 250 kijiji ndicho kinachoidhinisha. Ikizidi, Waziri anaingia, lakini kijiji lazima kisikilizwe kwanza. Pale ndipo mwanakijiji ana nguvu kwa siku moja maishani. Anaitumia kuuliza fidia ya mwembe.

Ekari Saba
Usitudharau, wakili. Mwembe ule ulikuwa unanilisha. Mkoa mwingine, mradi sitautaja: tulithaminiwa, tukaambiwa tusilime kudumu, tukakaa. Sheria inasema ikipita miezi sita riba inaanza. Nilipouliza riba nikaangaliwa kama nimetukana mtu. Wewe ungeuliza nyasi?

Kifungu kwa Kifungu
Sikudharau, ndugu.

Zamu ya Usiku
Uzi huu kila mtu "sikudharau".

Mzee wa Uniti
Nimesoma yote, na bado: tukiweka shilingi moja kwa uniti huku, wa mabwawa watadai, wa gesi Mtwara watadai.

Pamba Nyeupe
Na wadai. Mtwara mabomba yanapita mlangoni kwao, wadai kabisa. Lakini wakuu, swali lilikuwa mfuko wa kijiji. Nani anaunga mkono, nani anapinga? Mama Ngitili nimekuweka upande wangu.

Mama Ngitili
Usiniweke. Mfuko wa kijiji anaushika mwenyekiti. Nyasi nazibeba kichwani mwenyewe.

Baba Mwadui
Nami niulize la mwisho kabla bando halijakata. Wewe Zamu ya Usiku, hapo kwenu getini wanachukua watu wa umri gani?

Zamu ya Usiku
Wanachukua mpaka miaka 45. Lete barua ya mtendaji na picha mbili. Usimwambie Pamba.