Milima ya Rwenzori: Afrika Mashariki au Afrika ya Kati?

Mwalimu, Newala
Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Ninafundisha jiografia hapa Newala, na juma hili tulikuwa tukijaza kwenye karatasi ya manila milima ya Afrika kwa kanda. Atlas tuliiandika Kaskazini na Drakensberg Kusini bila mjadala. Tulipofika Rwenzori, mwanafunzi mmoja aliuliza kwa nini tunaiita ya Mashariki ilhali mpaka wa Uganda na Kongo unapita juu yake, na hata kilele cha Margherita, chenye mita 5,109, kimo mpakani. Nilifunika makapeni, na nafasi hiyo ipo wazi hadi leo. Naomba mwongozo wenu.

Mdau, Lindi
Mwalimu, mwanafunzi huyo anastahili pongezi. Umoja wa Mataifa, kwa ajili ya takwimu zake, huiweka Uganda Mashariki na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo katika Afrika ya Kati, kwa hiyo safu hiyo inakatwa vipande viwili. Lakini Kongo hiyo hiyo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Ukifuata jumuiya, Rwenzori yote inahamia Mashariki ingawa hakuna jiwe lililosogea. Mimi ningefuata chanzo cha milima yenyewe. Rwenzori si volkano, bali ni miamba ya kale iliyoinuliwa wakati mkono wa magharibi wa Bonde la Ufa ulipopasuka, na bonde hilo ni la Afrika Mashariki.

Mkazi wa Masasi
Naomba kutofautiana kidogo na ndugu yangu wa Lindi. Chanzo kinatueleza kwa nini Kilimanjaro, wa volkano, haumo katika Milima ya Tao la Mashariki ingawa milima ya Upare, iliyomo katika tao hilo, ni jirani yake; hakituelezi kanda inaishia wapi. Mwalimu, wapeleke wanafunzi Shimo la Mungu hapo hapo Newala, pale ardhi inapokatika ghafla na bonde la Ruvuma likatandaa chini. Ng'ambo ni Msumbiji, yenye uwanda wake wa Mueda na Wamakonde wake, nchi ambayo wengi wetu tunaihesabu ya Kusini na Umoja wa Mataifa unaihesabu ya Mashariki. Ningeandika nchi kwanza, kisha kanda, na safu moja iruhusiwe kukaa katika kanda mbili.

Mwalimu, Newala
Nawashukuru sana. Kesho Rwenzori itavuka mstari wa manila yetu, na majina ya nchi zote mbili yatakuwa chini yake. Inayofuata ni Virunga, ambayo imegusa Uganda, Rwanda na Kongo.