Msaada: Jumapili moja na nusu ya Jumatatu Tokyo, nianzie mtaa upi wa kale?

MsafiriTulivu
Wakuu, habari za muda huu. Mwezi wa 11 nitakuwa Tokyo kikazi. Kazi inaisha Jumamosi na ndege yangu inaondoka Narita Jumatatu usiku, kwa hiyo nina Jumapili nzima na Jumatatu hadi saa 8 mchana. Hoteli ipo Ueno. Maghorofa na maduka ya vifaa vya umeme hayanivutii. Nataka mahekalu, vichochoro, nyumba za mbao na kazi za mafundi. Nimesikia habari za Asakusa na Yanaka. Zote mbili zinaingia katika muda huo? Na nianze na upi? Mimi ni Mwislamu, hivyo hata upande wa chakula naomba mwongozo. Natanguliza shukrani.

Kichochoroni
Mkuu, zinaingia vizuri, ila usianze na Asakusa kama wanavyofanya wengi. Jumapili nenda Yanaka, Jumatatu Asakusa. Sababu ni siku za kufunga. Makumbusho ya Asakura, ambayo kwangu ndiyo nyumba nzuri kuliko zote Yanaka, hufungwa Jumatatu na Alhamisi. Kappabashi, mtaa wa vyombo vya jikoni ulio jirani na Asakusa, maduka yake mengi hufungwa Jumapili. Ukipindua ratiba umekosa vyote viwili.

Ujue pia unakwenda kuona nini. Baada ya moto mkubwa wa 1657, mahekalu mengi yalihamishiwa upande wa Yanaka. Tetemeko la 1923 na mabomu ya 1945 hayakuuteketeza mtaa huo kama sehemu nyingine, ndiyo maana hadi leo una mahekalu zaidi ya 70 na vichochoro vyake vimebaki vilivyokuwa. Asakusa iliungua 1945. Jengo kuu la Senso-ji, hekalu kubwa la Asakusa, unaloliona leo ni la 1958.

Njia ya Jumapili ni hii. Panda JR Yamanote kutoka Ueno, shuka Nippori, kituo cha pili. Toka kwa lango la kusini, si la kaskazini. Lango la kaskazini linakupeleka moja kwa moja kwenye maduka, na saa 3 asubuhi mengi bado yamefungwa. La kusini linakupandisha ngazi hadi hekalu la Tenno-ji, lenye sanamu ya Buddha ya shaba ya 1690, kisha makaburi ya Yanaka. Humo amezikwa Tokugawa Yoshinobu, shogun (mtawala wa kijeshi) wa mwisho wa Japani. Kaburi lake limezungushiwa uzio, utaliona ukiwa nje. Tazama pia mawe ya msingi wa pagoda (mnara wa hekalu) ya orofa tano iliyoungua 1957.

Asakura inafunguliwa saa 3:30. Fumio Asakura alikuwa mchongaji, na nyumba hii aliikamilisha 1935: karakana ya zege iliyounganishwa na nyumba ya mbao inayozunguka bwawa. Viatu vinavuliwa mlangoni, kwa hiyo vaa soksi. Panda hadi bustani ya juu ya paa.

Kuanzia saa 5 hivi shuka ngazi za Yuyake Dandan uingie Yanaka Ginza, mtaa wa maduka. Mtaa wenyewe ni mfupi, hauzidi mita 200. Mwisho wake kata kushoto, ufuate Yomise-dori bila kuiacha. Mbele itageuka njia nyembamba inayojipindapinda, Hebi-michi. Chini yake umefukiwa mto Aizome, na mipindo unayoifuata ni ya mto huo. Wengi hurudi Nippori kabla ya kufika hapa, na hapa ndipo pazuri. Ukimaliza, vuka barabara kubwa upande wa magharibi hadi Nezu Jinja, hekalu la Kishinto lenye majengo ya 1706.

Kurudi Ueno usipande treni. Laini ya Chiyoda iliyopo Nezu haipiti Ueno. Tembea ukipitia bwawa la Shinobazu, dakika 20 hivi. Na uwe umemaliza mapema, kwa sababu mwezi wa 11 jua huzama karibu saa 10:30 jioni.

Fundi_Ramani
Naunga mkono njia hiyo. Naongezea kinachowapoteza watu: anwani. Vichochoro vingi Tokyo havina majina. Anwani huwa jina la mtaa na namba tatu: ya kwanza ni sehemu ya mtaa, ya pili ni kitalu, ya tatu ni jengo. Namba za majengo huzunguka kitalu, hazifuati barabara. Nyumba mbili zinazotazamana zinaweza kuwa na namba zisizohusiana kabisa. Kwa hiyo tafuta kitalu kwanza, halafu kizunguke. Namba zipo kwenye vibao vidogo vya nguzo za umeme na kona za nyumba.

Hebi-michi ni mtihani zaidi, kwa sababu njia hiyo ni mpaka wa kata mbili. Upande mmoja ni Yanaka ya Taito, wa pili ni Sendagi ya Bunkyo. Ukiona jina la mtaa limebadilika ghafla, hujapotea.

Beba sarafu za yen 100. Maduka madogo ya Yanaka mengine hayapokei kadi. Beba na mfuko wa taka, maana mapipa barabarani hakuna.

Mama_Sufuria
Jumatatu ya Asakusa niachieni mimi. Fika Senso-ji saa 12:30 asubuhi. Ndiyo saa jengo kuu linapofunguliwa kuanzia mwezi wa 10 hadi wa 3, na wakati huo unaweza kusimama chini ya taa kubwa ya Kaminarimon, lango la mbele la hekalu, bila kusukumana. Treni ya chini ya ardhi, laini ya Ginza, kutoka Ueno ni vituo vitatu tu, na utakuwa umetangulia msongamano wa wafanyakazi. Angalizo: vipo vituo zaidi ya kimoja vinavyoitwa Asakusa. Cha Tsukuba Express kipo mbali kidogo upande wa magharibi, usikutane na mtu bila kutaja laini.

Usiishie jengo kuu. Upande wake wa mashariki kuna Asakusa Jinja ya 1649 na lango la Nitenmon la 1618. Hayo ndiyo yaliyosalimika 1945, na watu wanayapita tu. Halafu vuka barabara mbele ya Kaminarimon uingie kituo cha habari za utalii: ghorofa ya 8 ni bure, na ukiwa juu unaona mpango wote wa hekalu.

Nakamise, njia ya maduka inayoelekea hekaluni, ikifunguliwa, unachonunua kula simama hapo hapo dukani umalize. Kula huku unatembea hawapendi, na vibao vinasema hivyo.

Saa 4 nenda Kappabashi kwa miguu, dakika 10 upande wa magharibi. Maduka zaidi ya 170 kwa mita 800 hivi. Kwa kisu, uliza kwanza aina ya chuma. Cha kaboni kinakata vizuri sana ila kinashika kutu ukikiacha na maji, na hewa ya pwani yetu haitakihurumia. Kama hutakifuta kila mara, chukua kisichoshika kutu.

Jambo moja zaidi: mwezi wa 11 kuna Tori-no-Ichi, sikukuu yenye soko, katika hekalu la Otori Jinja, Asakusa. Hufanyika siku za Jogoo za kalenda ya zamani, zinazorudi kila baada ya siku 12, kwa hiyo kila Novemba ni mara mbili au tatu. Wanauza reki za mianzi zilizopambwa, na mnunuzi wa reki kubwa hupigiwa makofi kwa mpigo. Ikiangukia siku zako, usiikose.

Ustadh_Wa_Safari
Sheikh, upande wa chakula hatari kubwa ni mafuta na mchuzi. Vile vya kukaanga vya nyama ya kusaga pale Yanaka Ginza, hata vikiandikwa ng'ombe, vinaweza kukaangwa kwa mafuta ya nguruwe. Michuzi mingi ina mirin, ambayo ni pombe ya mchele. Jifunze kutambua 豚 (nguruwe), ラード (mafuta ya nguruwe) na 酒 (pombe). Asakusa ina migahawa ya halali, ya ramen (tambi za mchuzi) ikiwemo, na msikiti wa Dar al-Arqam upo Higashi-Asakusa.

Zingatia muda wa sala. Katikati ya mwezi wa 11 Adhuhuri huingia saa 5:25 hivi, kabla ya mchana wetu tuliouzoea, na Alasiri kabla ya saa 8:30. Kwenye mahekalu kutazama kwa heshima kunatosha, hakuna anayekulazimisha kushiriki ibada.

MsafiriTulivu
Mungu awabariki. Mizigo niiache wapi Jumatatu, na kisu nitakipitishaje?

Mama_Sufuria
Begi liache hotelini Ueno, makabati ya kuhifadhia mizigo ya Asakusa hujaa mapema. Kutoka Kappabashi unarudi Ueno kwa miguu. Treni ya Skyliner ya kwenda Narita inaanzia Keisei Ueno, kituo tofauti na cha JR, kwa hiyo jipe dakika 15 za ziada. Kisu kiache kwenye kasha lake la dukani bila kukifungua, maana kutembea na kisu cha zaidi ya sentimita 6 bila sababu ni kosa la kisheria. Ukifika hotelini kiweke kwenye begi la kusajili, sio la mkononi.