Naomba ushauri: mdogo wangu kaangalia dokumentari ya Sparks, sasa hataki tena kupiga kopi harusini

Kinanda_cha_Mbagala:

Wakuu habari za jioni. Uzi utakuwa mrefu kidogo, mnivumilie.

Mimi na mdogo wangu tuna bendi hapa Dar, watu watano. Mimi napiga kinanda, dogo anaimba. Tunapiga kopi, yaani nyimbo za watu wengine, kwenye sendofu, harusi, kipaimara, na mwisho wa mwezi baa mbili tatu za Temeke. Huu mwaka wa 12. Hatujatajirika, ila kodi ya nyumba inalipwa na watoto wanakwenda shule.

Miezi miwili iliyopita shemeji yetu anayeishi Leicester alikuja likizo na flashi imejaa filamu. Mojawapo ni The Sparks Brothers, ya Edgar Wright, ya 2021. Kwa asiyeijua, inahusu ndugu wawili wa Los Angeles, Ron na Russell Mael, bendi yao inaitwa Sparks, wanatoa albamu tangu 1971 na hawajaacha mpaka leo, na ukiuliza watu kumi mtaani tisa hawajawahi kuwasikia. Kaka mtu anapiga kinanda, kanuna, ana kisharubu. Mdogo mtu anaimba na kurukaruka. Nyumba nzima tulicheka, mke wangu akasema, "Hawa si nyie hawa?" Dogo peke yake hakucheka.

Filamu ni saa mbili na dakika 20. Ameirudia mara nne. Tangu hapo nikimwambia tufanye mazoezi ya wimbo unaovuma, jibu ni kwamba Sparks hawakuwahi kufuata kinachovuma. Nikimwambia avae suti ya bendi, ananiuliza Ron angesemaje.

Nilivumilia. Jumamosi ndiyo mambo yakaharibika. Harusi, ukumbi umejaa, umefika wakati wa kumtunza mama mzazi wa bibi harusi. Mama kasimama mbele na wifi zake wamevaa sare, noti za elfu kumikumi kazishika mkononi kama karata, anasubiri wimbo wa mama tuliokubaliana na kamati. Dogo akanigeukia: "Kaka, leo tunapiga wetu." Sijafungua mdomo, mpiga dramu ameshahesabu. Walishapanga!

Wimbo wenyewe unamhusu jamaa aliyekwenda kuposa usiku. Yuko katikati ya sentensi, uniti za LUKU zinakwisha, giza totoro. Sauti ya kike inasema "nimekubali," na jamaa hajui ni ya binti au ya shangazi yake, na anaona haya kuuliza. Ubeti wa pili ameshaoa, bado hajauliza.

Watu hawakuzomea. Bora wangezomea. Walitulia kama wanasikiliza tangazo la msiba. Yule mama akazipanga noti zake taratibu, akafungua pochi, akazirudisha, akaifunga. Ule mlio wa kifungo cha pochi niliusikia mpaka kwenye kinanda. MC akachukua maiki, akamwomba DJ aokoe jahazi. Salio letu la laki nne kamati wamelikalia mpaka sasa.

Mlioiangalia hiyo filamu naomba mniambie, dogo kaielewa sawasawa au kaokota anachokitaka? Na nimwambieje bila kuvunja bendi, maana ni tumbo moja?

Nawasilisha.

chuma_ulete:

"Anaona haya kuuliza." Nimepaliwa na chai hapa. Ngoja wakubwa waje na ushauri, mimi nimekaa pembeni na karanga zangu.

Mzee wa Santuri:

Kijana wangu, mimi hao niliwaona wanazuka. 1974 nilikuwa nasoma Uingereza, nyumba moja tunakaa wanafunzi sita, televisheni moja ya kukodi. Kila Alhamisi ilikuwa lazima tuangalie Top of the Pops ya BBC. Siku hiyo akatokea kijana wa nywele za mawimbi, anaimba kwa sauti ya juu kama kabanwa na mlango, na pembeni yake mtu wa kinanda kavaa shati na tai, hatikisiki, anaikodolea kamera macho kama mtu aliyekuja kudai deni lake. Mwenzetu mmoja, kijana wa Mombasa, alihama kiti. Anasema yule bwana anamtazama yeye.

Kesho yake chuoni hakukuwa na mazungumzo mengine. Wimbo ule, This Town Ain't Big Enough for Both of Us, ulifika namba 2, na waliowazibia namba 1 ni The Rubettes. Ile sehemu nilipoiona kwenye filamu, juzijuzi tu mjukuu wangu alinifungulia, nilijikuta nimesimama katikati ya sebule. Miaka karibu 50, na bado yule mtu ananitazama mimi.

Sasa kuhusu mdogo wako. Filamu haikumdanganya, ila kairuka mpangilio. Albamu mbili za kwanza walizitoa Marekani, hazikuuza. 1973 wakafunga mizigo, wakahamia Uingereza, wakaingia kampuni ya rekodi ya Island, ndipo ikaja albamu ya Kimono My House. Watu wakawajua kwanza, vituko vya miaka 40 iliyofuata vikapata pa kusimama. Na jambo la pili, kubwa zaidi: pale jukwaani walikuwa wanawapigia watu waliokuja kuwaona wao. Yule mama alikuja kumwoza binti yake. Hata Ron angempigia huo wimbo wa mama.

Mkosoaji wa Kinondoni:

Samahanini wapenzi wa Sparks, ile si dokumentari, ni barua ya posa. Watu karibu 80 wanahojiwa, Beck, Flea, Björk (sauti tu), Duran Duran, Giorgio Moroder, wote wanasifu. Hakuna hata mmoja anayesema "albamu ile ilikuwa mbovu." Mwongozaji naye kajihoji mwenyewe, na chini ya jina lake kaandika kwamba ni shabiki. Angalau ni mkweli.

Ila tatizo langu ni moja. Kati ya 1988 na 1994 hawakutoa albamu yoyote. Miaka sita! Filamu inapita hapo kwa mwendo wa daladala isiyo na abiria kituoni, mara haooo, Ujerumani, wimbo umepanda chati. Bwana, miaka sita ndiyo filamu yenyewe. Nani alikuwa analipa bili? Nani alikuwa anapika? Wake, watoto, hakuna. Daftari la hesabu halijafunguliwa. Mtu anayeishi kwa posho ya harusi akiangalia filamu kama hiyo anaondoka na ugonjwa, ndio huo alionao dogo.

Bint Chake:

Kaka Mkosoaji, umeiangalia filamu au umeihesabu?

Mimi naishi London miaka mingi. Hiyo miaka sita kila siku Ron alikuwa anakwenda nyumbani kwa mdogo wake, kule kwenye studio yao, wanafanya kazi kama watu wenye ajira. Walikuwa wanatunga muziki wa filamu ya Mai, kutoka kile kitabu cha katuni cha Kijapani, mwongozaji Tim Burton alikuwa ndani yake. Ikafa. Na miaka ya 70 walishakosa nyingine na Jacques Tati, yule mwongozaji wa Kifaransa. Mtu unaandaa kitu miaka, mwisho unaambiwa basi. Mimi pale ndipo nilipolia, na pale wanaposimulia baba yao alifariki Ron ana miaka 11 na Russell minane. Wanasema kwa sentensi mbili na kuendelea, nami niko sofani natafuta kitambaa.

2008 walipiga albamu zao zote 21 hapa London, kila usiku albamu moja, kuanzia ya kwanza. Nilikuwa mwanafunzi, nilimudu usiku mmoja tu, wa Lil' Beethoven. Kuna wimbo mle sentensi ileile inarudiwa karibu wimbo mzima, na watu tulisimama tunausikiliza kama dhikri. Dada aliyekuwa pembeni yangu alikuwa na tiketi ya siku zote 21, kachukua likizo kazini. Sasa fikiria mazoezi ya nyimbo zaidi ya 200, wakati huo Ron ana miaka 62. Kaka mwenye uzi, muulize mdogo wako kama yuko tayari kwa mazoezi ya namna hiyo. Watu wanaona kisharubu, hawaoni saa za kazi.

Besi_Ilala:

Mkuu, mimi ni wa fani, nimepiga besi bendi nne. Niseme ya vitendo.

Kwanza sahihisha hapo kwa dogo: "hawakuwahi kufuata kinachovuma" si kweli. 1979 walimfuata Moroder mwenyewe, mtayarishaji wa muziki wa disko, wakati disko limepamba moto, wakaacha magitaa wakatoa albamu ya No. 1 in Heaven. Walifuata kinachovuma, wakakipinda.

Pili, baba zetu walitunga vyao kwa sababu mshahara ulikuwa unaingia. NUTA Jazz, Msondo ya leo, ilianzishwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Vyombo vya ofisi, mshahara wa ofisi. Mtunzi anaamka asubuhi anawaza ubeti, hawazi kodi. Wewe na dogo ofisi yenu ni hizo kamati za harusi. Ukizichoma umechoma ofisi.

Tatu, na hii ni siri ya kazi: wakati wa chakula. Watu wako kwenye foleni na sahani, MC anakunywa soda, hakuna anayesikiliza. Pale unapiga unachotaka. Dakika 40 nzima! Mimi nimewahi kupiga vitu vya ajabu wakati wa pilau, hakuna aliyegeuka, halafu mzee mmoja akaja kuniuliza wimbo ule ni wa nani. Huyo mmoja ndiye wa kuanza naye. Na hizo nyimbo zenu zipeni jina jingine kabisa. Sparks wenyewe walipoungana na bendi ya Franz Ferdinand 2015 walijiita FFS, wakatoa albamu, kila mtu akarudi kwake.

Salio mfuateni mwenyekiti wa kamati nyie wawili, muombe radhi, mpunguze laki. Msimpigie simu, nendeni.

chuma_ulete:

Wakati wa pilau. Naandika.

Mkosoaji wa Kinondoni:

Bint Chake, nakubali kuhusu mazoezi. Kuhusu nani alikuwa anapika bado nasubiri.

Bint Chake:

Endelea kusubiri. 😂

Lakini kaka Kinanda, kuna kitu kinanisumbua tangu nisome uzi wako. Huo wimbo wa LUKU umeusimulia vizuri mno kwa mtu aliyeaibishwa nao. Umetupa mpaka ubeti wa pili. Hivi nani kautunga?

Mzee wa Santuri:

Nami nilitaka kuuliza hilo. Kwa Sparks sehemu kubwa ya nyimbo anatunga kaka mtu, yule aliyenuna. Mdogo ndiye anayezibeba mbele ya watu.

Kinanda_cha_Mbagala:

Wakuu samahani, nilikuwa kazini.

Ni mimi. Niliutunga 2013, bendi ina mwaka mmoja. Ziko kama 30, kwenye daftari la shule la mwanangu wa kwanza alilokuwa ameandika kurasa tatu tu. Niliwahi kumwimbia dogo huo mmoja, mara moja, umeme umekatika kweli, tumekaa barazani. Sikujua kama ameushika. Jumamosi kaimba kila neno.

Sikuliandika hili mwanzo kwa sababu sikuona kama linahusika.

Besi_Ilala:

Halihusiki! Mkuu!

Mkosoaji wa Kinondoni:

Naondoa neno ugonjwa.

Bint Chake:

Basi swali lako limegeuka, kaka yangu. Dogo hakukuibia harusi kwa ajili ya nyimbo zake. Kosa kafanya, mama wa watu kaharibiwa siku, hilo mwambie bila kupepesa. Ila mwambie ukiwa umeshika hilo daftari.

Mzee wa Santuri:

Na usitabasamu wakati unamwambia. Kaa kama Ron.

Kinanda_cha_Mbagala:

Mrejesho kidogo. Jana tulikwenda wote wawili kwa mwenyekiti wa kamati, kama alivyosema Besi. Alituweka nje nusu saa. Tumepunguza laki na nusu, iliyobaki katoa papo hapo. Wakati tunatoka akamuuliza dogo, kwa sauti ya chini maana mkewe alikuwa sebuleni, "Kwani ilikuwa ni ya shangazi?"

Dogo hakumjibu. Kwenye bajaji nzima kurudi hatukuongea, mpaka tumefika Rangi Tatu ndipo akaniambia, "Kaka, ubeti wa tatu sikuwahi kuusikia. Upo?"

Upo, ila mstari wa mwisho sijaumaliza tangu mwaka ule. Alhamisi tuna sendofu Tabata. Nimeshauliza, chakula ni saa tatu.