Tupeane uzoefu: Harry Potter inastahili sifa zote hizi?

Kurasa Zilizokunjwa
Wakuu, binti yangu kamaliza kitabu cha saba, cha mwisho, cha Harry Potter, yule kijana mchawi, kakifunga, kaniuliza: "Baba, mbona wale watumwa hawakuachiliwa?" Nimerudia kurasa za mwisho, na kweli. Vita vimekwisha, adui kafa, na sentensi ya mwisho kabisa kabla ya ile sura ya miaka 19 baadaye inamkuta Harry akiwaza kama Kreacher atamletea sandwichi. Kreacher yule yule, mmoja wa viumbe wadogo wanaotumikishwa majumbani mwa wachawi, mtumwa ambaye Harry alimrithi pamoja na nyumba! Hermione, rafiki yake Harry, alianzisha harakati za kuwakomboa tangu kitabu cha nne, rafiki zake wakamcheka, na ukisoma vizuri unaona hata masimulizi yenyewe yanamchukulia kama kero.

Mimi vitabu hivi navipenda, na ndiyo maana swali la mtoto limenikaa moyoni. Vimeuza zaidi ya nakala milioni 600 na vipo katika lugha zaidi ya 80. Tunavisifu kwa kuwa ni vizuri, au kwa kuwa tulivikuta vinasifiwa? Waliovisoma wenyewe, tupeane uzoefu. Vilikufanya nini?

Bundi wa Posta
Vilinifanya nipende kusoma. Kwangu hilo linatosha.

Mzee wa Rafu ya Juu
Sifa zimezidi. Mwaka 1968 mwandishi wa Marekani Ursula Le Guin alishatupa shule ya wachawi katika kisiwa cha Roke, na kijana Ged mwenye ngozi ya hudhurungi na kiburi kingi, ambaye kwa kutaka kujionyesha mbele ya wenzake anakifungulia kivuli kinachomwandama bahari nzima. Kitabu kimoja chembamba, na hakuna neno la kutoa. Njoo sasa kwa Rowling, mwandishi wa Harry Potter. Kila mtu akifungua mdomo lazima tuambiwe kasema kwa ukali, kwa hasira, kwa upole, kana kwamba maneno yenyewe hayatoshi. Kitabu cha tano kina kurasa 766 katika chapa ya Uingereza. Mhariri mwenye ujasiri angetoa 200 na hakuna ambaye angezitafuta. Ila kufikia hapo mwandishi alishakuwa tajiri, nani angemgusa? Harry anagomba sura baada ya sura mpaka unachoka naye.

Bundi wa Posta
Mzee, shikamoo, lakini hapo hapana. Mtoto wa miaka 15 kashuhudia mwenzake akiuawa makaburini, karudi na maiti mikononi, halafu serikali na gazeti vinamwita mwongo mwaka mzima. Asigombe kwa nini? Mimi niliposoma nilikuwa rika lake, na hicho ndicho kitabu cha kwanza kuniambia kwamba hasira yangu ina sababu.

Mzee wa Rafu ya Juu
Marahaba. Hasira yake naielewa. Nalalamikia urefu wake.

Mpira Kwanza
Mchezo wao wa Quidditch, ule wa kuruka na fagio, ndio ulionikatisha tamaa. Goli pointi 10, kukamata kile kimpira cha dhahabu pointi 150. Wachezaji wengine wote wanahangaika bure, mmoja anaamua mechi. Mwandishi hakufikiri.

Ufagio wa Kasi
Alifikiri. Fainali ya Kombe la Dunia, kitabu cha nne: Krum, mkamataji wa Bulgaria, alikikamata kile kimpira na Bulgaria bado ikafungwa na Ireland, 170 kwa 160. Aliona timu yake imeshazidiwa, akaamua kuumaliza mchezo yeye mwenyewe kwa heshima. Rudi ukasome.

Mpira Kwanza
Mechi moja katika vitabu saba, nayo ndiyo ushahidi?

Mama wa Wanne
Nyie mnabishana mpira na urefu. Mimi swali langu ni uchawi. Naupinga kwa imani yangu na sitabadilika. Mtoto akishaona mchawi ndiye shujaa, kesho utamwambiaje uchawi ni mbaya? Ndugu yangu alinunuliwa kitabu cha kwanza, na mjomba wetu akakichoma uani mbele yetu. Tulilia, lakini leo nami ni mzazi na woga wake nauelewa.

Kalamu ya Mkaa
Mama, nakuheshimu, ila kwa mjomba nitasema. Si yeye peke yake. Huko Marekani vitabu hivi viliongoza orodha ya vitabu vilivyopingwa zaidi katika maktaba na shule kati ya 2000 na 2009. Lakini mle ndani uchawi ni somo la darasani, wenye mitihani na madaftari. Hakuna pepo anayeitwa, hakuna kafara ya kupata utajiri. Anayetaka kuishi milele kwa kuua wengine ndiye muovu wa hadithi, na anashindwa kwa sababu mama mmoja alikubali kufa badala ya mwanawe. Sasa hapo kuna nini cha kuchoma?

Mama wa Wanne
Mzazi ana haki ya kuamua kinachoingia nyumbani kwake.

Kalamu ya Mkaa
Anayo. Basi akisome kwanza ndipo aamue.

Kizingiti
Nimekuwa nasoma tu, leo naandika. Kaka uliyeanzisha mada umeuliza vilitufanya nini.

Mama yangu aliugua akili nikiwa mdogo. Kuna miezi alikuwa nyumbani na kuna miezi alikuwa wodini, na akiwa wodini mara nyingine alinijua, mara nyingine aliniita kwa jina la dada yake marehemu. Shuleni nilisema amesafiri kikazi. Watu wazima ndio waliniambia niseme hivyo.

Siku moja namtembelea, tumekaa kwenye benchi la korido, ananisuka. Alikuwa anasuka vibaya, anafumua, anaanza upya, nami nimetulia kwa sababu mikono yake ilikuwa kichwani kwangu na sikutaka iondoke. Mlango ukafunguliwa, akaingia msichana wa darasani kwetu na mama yake, wamekuja kumwona mgonjwa wao. Akaniangalia. Akamwangalia mama, ambaye papo hapo alianza kumpigia kelele amwache mwanawe. Wakapita haraka.

Jumatatu nilipoingia darasani kelele zilikatika. Nyote mnaijua ile namna kelele zinavyokatika ukiwa ndiwe uliyekuwa ukizungumzwa. Hakuna aliyenitukana. Walisogeza madawati. Nilikaa peke yangu muhula mzima.

Miaka imepita, niko sekondari, nikaazima kitabu cha tano, hicho hicho cha kurasa 766. Harry na wenzake wameenda hospitali kwa shughuli zao, bila kupanga wanaingia wodi ya waliofungiwa, na huko wanamkuta Neville, mwanafunzi mwenzao. Yule mnene, msahaulifu, anayechekwa tangu kitabu cha kwanza. Kaja na bibi yake kuwaona wazazi wake, waliteswa na wafuasi wa Voldemort, yule muovu wa hadithi, mpaka akili zikapotea. Mama yake anajikokota mpaka alipo, anampa karatasi tupu ya ubani wa kutafuna. Bibi anasema aitupe, anazo za kutosha. Neville anashukuru, anawatazama wenzake kama anayewaambia jaribuni kucheka, kisha anaitia mfukoni.

Hawacheki. Na Harry alikuwa anajua tangu mwaka uliotangulia, aliambiwa na mkuu wa shule, na hakumwambia mtu hata mmoja. Hata rafiki zake wa damu.

Niliacha kusoma, nikatoka nje. Nilikuwa sijui kwamba inawezekana mtu akaijua siri yako na akainyamazia kwa heshima. Sikuwa nimewahi kuona mfano wake. Mzee, hivyo vielezi vyako vya "kwa ukali, kwa hasira" mimi sikuviona. Nilimwona Neville anaitia ile karatasi mfukoni.

Bundi wa Posta
Dada Kizingiti, pole sana. Na asante.

Ufagio wa Kasi
Pole dada. Nimesoma chapisho lako mara mbili.

Mpira Kwanza
Pole. Hayo ya mpira tuyaache.

Mzee wa Rafu ya Juu
Mwanangu, sura hiyo nisingeigusa hata herufi. Kurasa 200 ningezitoa penginepo, ili msomaji aifikie akiwa bado ana nguvu ya kuibeba.

Mama wa Wanne
Kizingiti mdogo wangu, mama yuko hai?

Kizingiti
Yuko hai, dada. Anatumia dawa vizuri, tunaishi naye.

Kurasa Zilizokunjwa
Nimemwambia mke wangu aje asome hapa. Sasa binti yangu ana mdogo wake, miaka saba, naye anavitaka. Mnashauri nini?

Kalamu ya Mkaa
Mpe vitatu vya kwanza, kisha simamisha hadi afike miaka 11. Cha nne kinaua mtoto mbele ya macho yake.

Ufagio wa Kasi
Usimsimamishe, ataazima kwa wenzake na atakisoma peke yake gizani. Bora msome pamoja.

Bundi wa Posta
Usimsomee! Mwache ahangaike nacho mwenyewe. Mimi nilijifunza hivyo.

Mzee wa Rafu ya Juu
Mwanzishe na Le Guin.

Kalamu ya Mkaa
Mzee, kwa miaka saba? Ged atamtisha kuliko Voldemort.

Mama wa Wanne
Na lile swali la watumwa usilikwepe. Mimi sivitaki vitabu hivyo, lakini mtoto aliyeona hilo peke yake mjibu. Mwambie mwandishi aliliacha, na kuliacha ni kosa.

Sinema Tosha
Samahani, mimi nimetazama sinema zote na hiyo ya hospitali siikumbuki.

Ufagio wa Kasi
Haimo. Sinema ya kitabu cha tano, ya 2007, iliiruka. Neville anamsimulia tu Harry habari za wazazi wake, mbele ya picha yao ya zamani. Mama yake hatumwoni wodini, karatasi hatuioni.

Sinema Tosha
Iko sura ya ngapi?

Kizingiti
Ya 23. Lakini usianzie hapo. Anza kitabu cha kwanza, umwone Neville alivyokuwa.