Kutoka joto kali kwenda msimu wa ubaridi: nianze na tuta lipi, na ning'oe nini?

Tuta_Nne: Habari zenu wanabustani. Joto limeanza kulegea na matuta yangu manne (mita 1 kwa 3 kila moja) yamechoka. Nyanya zina majani ya njano chini na maua yanapukutika. Maharage yamemaliza. Pilipili hoho ziko hai ila hazishiki tunda. Tuta la nne lilibaki wazi, udongo wake umekauka kama tofali. Nataka kuhamia kabichi, saladi, karoti na vitunguu saumu. Saladi niliyosia siku kumi zilizopita haijatoa hata mche mmoja, na mbegu ni mpya. Nakosea wapi?

JembeFupi: Weka jembe pembeni kwanza, anza na kitalu. Miche ya kabichi hukaa kitaluni wiki 4 hadi 6, kwa hiyo ukiisia leo unapata muda wa kutosha kuyatengeneza matuta bila haraka. Sia kina cha sentimita 1, kisha weka kivuli cha wavu unaozuia asilimia 30 hadi 50 ya mwanga au kichanja cha nyasi, juu kiasi cha hewa kupita. Mwagilia asubuhi. Kitalu kinacholala na maji huleta kinyausi: shina hubana usawa wa udongo kana kwamba limefungwa uzi, mche unaanguka ukiwa bado wa kijani. Ukiuona mmoja hivyo, toa na jirani zake, punguza maji. Wiki ya mwisho ondoa kivuli kidogo kidogo, na siku ya kupandikiza iwe jioni. Acha sentimita 45 kati ya mche na mche.

Pilipili hoho usiziguse. Usiku ukiwa na joto la nyuzi 24 kwenda juu, chavua hudhoofika na ua huanguka. Usiku ukipoa zitashika tena, mradi jalidi (umande unaoganda usiku) haiko karibu. Nyanya nazo huangusha maua kwa sababu hiyohiyo, ila angalia yale majani ya chini. Yakiwa na madoa ya kahawia yenye miduara ndani ya miduara, hiyo ni bakajani tangulia, ugonjwa wa ukungu: ng'oa mmea wote, fukia mbali au choma, usiutupe kwenye mboji. Maharage kata usawa wa ardhi, mizizi ioze humohumo.

Lile tuta gumu usililime likiwa kavu, utapata mabonge tu. Udongo uliokauka sana hukataa maji: ukimwaga, yanakimbilia pembeni na sentimita mbili chini kunabaki vumbi. Mwagilia kidogo, subiri nusu saa, rudia mara tatu. Kesho yake chimba shimo la kiganja uone unyevu umefika wapi. Ukifika sentimita 15, tifua kwa uma wa bustani na uchanganye mboji unene wa sentimita 3. Kwa tuta lako ni lita 90, yaani ndoo nne na nusu za lita 20. Samadi mbichi usiiweke, hasa panapokwenda karoti, zitagawanyika miguu.

MbeguKavu: Nakubaliana na mwenzangu, naongezea la saladi, maana hapo ndipo wengi hulaumu mbegu bure. Mbegu ya saladi ikilowana kwenye udongo wenye joto la nyuzi 27 hadi 30 na kuendelea, hulala. Hewa inaweza kuwa imepoa lakini udongo bado unashikilia joto la miezi iliyopita. Chomeka kipimajoto sentimita 5 chini, saa tisa alasiri, siku tatu mfululizo. Ikiwa bado ni zaidi ya 25, funga mbegu kwenye karatasi laini yenye unyevu, ziweke kwenye friji siku 3, halafu sia jioni na ufunike na kivuli. Zifukie nusu sentimita tu. Saladi hupenda mwanga ili ichipue. Spinachi nayo huchipua vibaya udongo ukiwa na joto.

Karoti inasumbua kwa njia nyingine. Huchipua siku 7 hadi 21, na siku moja ya ukavu katikati inatosha kuua kila kitu. Sia sentimita 1, mwagilia, tandaza gunia lililoloweshwa juu ya mstari na ulilowanishe asubuhi na jioni. Kuanzia siku ya sita inua pembe ya gunia kila siku. Ukiona vijishina vyeupe vilivyojikunja kama ndoano, ondoa gunia jioni hiyohiyo, usingoje kesho. Punguzia miche hadi sentimita 5.

Jambo moja pakiti haisemi: zile siku za kukomaa zinadhani mchana ni mrefu. Kadiri mchana unavyofupika ukuaji unapungua, kwa hiyo ongeza siku 14. Kwa kabichi, siku hizo kwa kawaida huhesabiwa tangu kupandikiza. Kama kwenu jalidi huanguka, hesabu kurudi nyuma kutoka tarehe yake. Vitunguu saumu viwe vya mwisho kabisa, udongo ukishapoa: punje kina cha sentimita 5, umbali 15, ncha juu. Visipopata wiki kadhaa za baridi, aina nyingi hutoa kitunguu kimoja kisichogawanyika.

Tuta_Nne: Asanteni sana. Nimeng'oa nyanya mbili, mizizi ina vinundu. Maharage pia yana vinundu. Ni kitu kimoja?

JembeFupi: Hapana, na tofauti ni muhimu. Chukua mzizi wa maharage, sugua kinundu kwa kidole gumba. Kikibanduka chenyewe na mzizi ukabaki mzima, ni vile vya bakteria wanaoupatia mmea naitrojeni, ni rafiki. Kwenye nyanya mzizi wenyewe ndio umevimba, kinundu hakibanduki bila kuukata. Hiyo ni minyoo fundo, minyoo midogo sana ya udongoni inayoshambulia mizizi. Kusanya mizizi yote, hata nywele zake, usiipeleke kwenye mboji, na uoshe uma kabla ya kugusa tuta jingine. Karoti na saladi zisikanyage tuta hilo. Weka vitunguu saumu hapo, vinavumilia zaidi. Karoti zipeleke kwenye tuta lililokuwa gumu, ukishalilainisha.

MbeguKavu: Na unapopandikiza kabichi, zungushia kila shina karatasi ngumu, sentimita 5 juu na 3 chini ya udongo. Sota, kiwavi wa udongoni, hukata miche usiku, asubuhi unaikuta imelala imekatwa usawa wa ardhi. Fukua palepale pembeni ya shina, utamkuta amejikunja.